Pembetatu Mbili

Wifi yangu anajua kutoboa mshipa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, naye anajua kwamba anajua, ndiyo maana hatuelewani. Yeye ni muuguzi katika wodi ya wanawake, mimi nafanya kazi maabara, ng'ambo ya uwanja wa hospitali hiyo hiyo. Anasema watu wa maabara tumezoea kuongea na chupa, kwa hiyo tukikutana na binadamu hatujui tuanzie wapi. Mimi humjibu kwamba watu wa wodi hawajui kuongea kabisa, wanajua kufoka. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alishachoka kutuamulia. Siku moja alituambia kwamba akifa tuandike juu ya kaburi lake: hapa amelala mtu aliyekaa katikati.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba yaliyotukuta hayakuwakuta marafiki.

Maabara yetu ina chumba kilichotengwa kwa ajili ya Biskuti. Jina lake halisi ni refu, tunalitamka wageni wakija. Ni kipande cha plastiki angavu, ukubwa wa biskuti ya chai, na ndani yake imechongwa mifereji myembamba kuliko unywele. Damu husukumwa humo na pampu ndogo, polepole kiasi cha kumliza mtu mwenye haraka zake. Mifereji imejaa viguzo vidogo vilivyopakwa dawa inayonata. Chembe za kawaida za damu hupita zikaenda zao. Lakini seli ya saratani iliyochopoka kwenye uvimbe ikaingia kwenye damu, ikigusa kiguzo, hunasa. Kisha tunapitisha rangi, tunaiweka Biskuti chini ya hadubini, na kilichonasa kinawaka kijani.

Aliyeibuni ni mhandisi mmoja mpole, mwembamba, ambaye sote tunamwita Fundi Bomba, kwa sababu mchana kutwa yeye ni mifereji tu: huu umeziba, ule unavuja. Hachukii. Biskuti ikiziba hukuna kichwa na kusema mafundi bomba wa mtaani wana raha, maana wao wakikwama wanaingiza waya.

Sasa, kifaa hicho kilikuwa bado kwenye majaribio. Ili ujue kama kinasema kweli kwa wagonjwa, lazima ukijaribu kwa wazima pia. Na wazima wenyewe walitakiwa wawe wanawake wa umri kama wa wagonjwa wetu, yaani watu wazima wenye miguu inayouma na mambo mengi ya kufanya. Tulikuwa tunawatafuta kwa tochi. Asubuhi hiyo ninayoizungumzia walikuwa wametuahidi wawili, na wote wawili wakaingia mitini. Biskuti mbili zilishalowekwa dawa, na zikikauka hazifai tena. Fundi Bomba alikuwa anazunguka chumbani kama mtu aliyepika karamu wageni wasije.

"Chukua yangu," nikamwambia. "Nina umri unaotakiwa na damu ninayo."

Lakini huwezi kujitoboa mwenyewe, na Fundi Bomba akiona sindano anakaa chini. Nikampigia simu wifi. Alikuja akiwa na sare yake na maneno yake, akaufunga mkono wangu mpira, akaingiza sindano nisijue imeingia saa ngapi. Alipomaliza akaketi kwenye kiti changu, akakunja mkono wa gauni.

"Na mimi nitoe."

"Wewe?" Nilishangaa. Huyu ni mtu ambaye hata chanjo huikimbia. Muuguzi mzima, sindano ikielekezwa kwake anaanza kuulizia mlango.

"Hamtaki? Basi nirudi wodini, nina kazi."

"Kaa hapo."

Nikamtoa. Alilalamika kwamba nakaza mpira kama nafunga mzigo wa kuni. Nikamwambia mishipa yake inajificha kwa sababu inamjua mwenyewe. Tulikuwa tunabishana hivyo hivyo, na katika kubishana huko ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani hakuna watu wengine duniani wangeweza kulifanya.

Kwetu maabara, damu ya mtu mzima aliyejitolea haiandikwi jina. Kanuni inakataza. Kichupa kinabandikwa stika yenye alama ya mfanyakazi aliyeitoa hiyo damu, ili ikiganda au ikiharibika tujue nani wa kumlaumu. Yangu ni pembetatu. Wodini ni kinyume chake: kichupa hubeba alama ya mwenye damu, na muuguzi akikosea hapo anaweza kuua mtu. Wifi alipomaliza kunitoa aliuliza, "Alama yako ipi?" Nikamwonyesha kwa kidevu: pembetatu. Akabandika pembetatu, kwa kuwa damu ni yangu. Nami nilipomtoa yeye nikabandika pembetatu, kwa kuwa nimeitoa mimi. Vichupa viwili, pembetatu mbili. Fundi Bomba akaja mbio, akavichukua vyote, akaenda navyo kwenye pampu akiwa anatushukuru.

Kesho yake aliniita kwenye hadubini.

Uso wake ulikuwa na ile furaha ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa kufurahi. "Tazama hii," alisema. Nikatazama. Seli zilikuwa chache, lakini hazikuwa na aibu hata kidogo. Zilikaa kwenye viguzo vyake, kubwa, za duara, zinawaka kijani, na mahali pamoja zilikuwa tatu zimeshikana. Nimeziona nyingi katika damu za wagonjwa. Ningezitambua hata usingizini.

"Mgonjwa gani huyu?" nikauliza.

"Si mgonjwa. Ni mmoja wa wazima wako wa jana. Yule mwingine ni safi kabisa."

"Iliyowaka ni ipi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Zote zina pembetatu." Yeye hakuona ajabu yoyote. Alidhani nimewatoa watu wawili, kwa hiyo alama zangu mbili zilikuwa sawasawa na kanuni. "Vipi, mbona umekaa chini?"

Sikuwa nimejua kwamba nimekaa.

Nilikatiza uwanja kwenda wodini nikiwa nimevaa glavu mkono mmoja. Wifi alikuwa amesimama juu ya kitanda cha mama mmoja aliyechelewa kuja hospitali, anampa somo lake la kila siku, tunalolijua wote mpaka wafagiaji: "Mficha maradhi, kifo humuumbua, mama yangu. Unakaa na kitu mwaka mzima, unakifunika na khanga, halafu unataka sisi tufanye miujiza?" Nikamshika kiwiko, nikamwingiza kwenye chumba cha kuwekea mashuka, nikafunga mlango.

"Wifi. Jana, ile damu yangu uliibandika alama gani?"

"Yako. Pembetatu. Si damu yako?"

"Na mimi yako niliibandika pembetatu."

"Yangu pembetatu ya nini?"

"Kwa sababu niliitoa mimi!"

"Sasa nyinyi watu wa maabara mna akili kweli? Damu yangu, alama yako?"

"Ndivyo tunavyofanya! Ungeuliza!"

"Niulize nini? Nimeuliza alama yako ipi, ukaninyooshea kidevu!"

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka jioni. Nikamkatiza nikamwambia kilichoonekana kwenye Biskuti. Nilimwambia chote, seli, kijani, zile tatu zilizoshikana. Alikuwa ameshika shuka moja lililokunjwa, akalirudisha juu ya mengine, akalinyoosha pembe. Kisha akakaa juu ya rundo zima, jambo ambalo angemfukuzia kazi muuguzi mwingine yeyote.

"Kwa hiyo hujui ni ya nani," akasema.

"Sijui."

"Na huyo Fundi Bomba wako hajui."

"Hakuna anayejua."

Alinitazama usoni. Halafu akanishika mkono, ule wenye glavu. Tangu niolewe na mdogo wake hajawahi kunishika mkono isipokuwa kunitoa damu. "Pole, wifi," akasema.

Nilitoka mle nikiwa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoingia. Pole ya nini? Pole kwa sababu ni yangu? Ameona nini kwangu? Huyu ni mtu aliyekaa na wagonjwa miaka yote, ana jicho. Labda ananiona ninavyopungua. Nilipofika maabara nikapanda kwenye mizani. Nilikuwa nimeongezeka, nayo hiyo nikaiona dalili.

Fundi Bomba nilimweleza siku hiyo hiyo, kwa sababu uso wangu haujui kuficha. Akakuna kichwa, akaanza kunipa matumaini ya kihandisi. Alisema mambo yanaweza kuwa matatu. Inaweza kuwa ni mimi. Inaweza kuwa ni wifi. Au inaweza kuwa si mtu yeyote: seli za ngozi zilizobebwa na ncha ya sindano, kwa maana ngozi nayo huwaka kijani ikiingia humo, na sisi tulichukua kichupa cha kwanza kabisa, ambacho kwa wagonjwa huwa tunakimwaga.

"Seli za ngozi zinashikana tatu tatu namna ile?" nikamwuliza.

"Zinaweza," akasema, akaangalia dirishani.

Nikakumbuka makundi ya damu. Nikafurahi, nikakimbia kutafuta mabaki ya vile vichupa, na nilipokuwa nakimbia ndipo nilipokumbuka kwamba mimi na wifi sote ni kundi O. Hata hapo alikuwa amenibana. Vinasaba vingeweza kututenganisha, lakini damu za wazima haziruhusiwi kufuatiliwa mwenyewe ni nani. Kamati ya maadili ndiyo iliyotunga sharti hilo, na kamati hiyo hukutana mvua zikipenda. Basi tukatoa damu upya, sote wawili, safari hii kwa utaratibu wote, kichupa cha kwanza kikamwagwa, na stika tukazisoma kwa sauti kama watoto wa chekechea. Fundi Bomba akaendesha Biskuti mpya mbili.

Zote zikatoka safi.

Nilidhani nimeokoka. Nilimkumbatia Fundi Bomba, maskini, akabaki ameshika mikono juu kama anapekuliwa. Kisha akaniharibia. Alisema seli hizo zikiwepo huwa ni chache sana katika damu nzima ya mtu, na sisi tunachukua kijiko tu. Ukitupa punje chache za mchele kwenye pipa la maji ukachota kikombe, leo utazipata, kesho utakosa. Zilizoonekana zimeonekana. Zisizoonekana hazijathibitisha kitu.

"Kwa hiyo umeniambia nini?" nikamfokea. "Nina saratani au sina?"

"Sijui," akasema. "Kifaa chenyewe bado kinajifunza. Nendeni mkapigwe picha za matiti, nyote wawili. Na msikawie."

Wifi nilipomweleza alisema sawa, tutakwenda, ila si kwenye hospitali yetu, kwa kuwa kuta za hospitali yetu zina masikio na midomo. Nilikubali. Akasema pia mume wangu asiambiwe kwanza. Hilo nalo nikakubali, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba ama mkeo ama dada yako, chagua?

Wifi anaishi nasi, chumba cha uani, tangu alipofiwa na mumewe. Watoto wake wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Kwa kawaida nyumba yetu ina kelele zake: nani kaacha bomba wazi, nani kahamisha sufuria, nani kamlea huyu mwanaume vibaya, mama yao au mimi. Wiki hiyo nyumba ilinyamaza. Wifi alikuwa ananipokea mfuko nikirudi. Alinichemshia maji ya kuoga. Aliniachia kiti cha karibu na dirisha, kiti ambacho tumekigombania tangu siku aliyohamia. Nami nilikuwa namjibu, "Ahsante, wifi," nikisikia sauti yangu inatoka kama ya mgeni.

Mume wangu alivumilia mpaka akashindwa. Aliweka kijiko chini katikati ya chakula, akatutazama kwa zamu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

"Wiki nzima sijasikia hata tusi moja humu ndani. Mmepatana lini? Kuna jambo mnanificha."

"Ulitaka tupatane, tumepatana," dada yake akamjibu. "Kula chakula chako."

Alikula, lakini alikuwa anatuchungulia kama mtu anayekula kwenye nyumba ya wachawi.

Nikiwa peke yangu bafuni nilijikagua. Nasema kweli, mtu akijitafuta uvimbe atauona tu. Nilikuta vivimbe kila mahali, chini ya kwapa, shingoni, kwenye matiti yote mawili, kingine kikaja kuwa ni mbavu. Kila asubuhi nilikuwa nakufa, na kufikia mchana, kazi zikinibana, ninafufuka. Kisha namkumbuka wifi, na kuanza kumpeleleza. Je, amekohoa? Amekula nusu sahani, ni ugonjwa au ni chumvi? Akiinua mkono kuanika nguo nilikuwa nasimama mlangoni natazama kama unapanda sawasawa. Nilikuwa nahesabu dalili zake kwa hamu.

Na hapa niseme wazi. Niliomba iwe yake. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mume wangu akiwa bado sebuleni na taarifa ya habari, nikamwomba Mungu seli zile ziwe zimetoka kwenye mkono wa wifi yangu na zisiwe zimetoka kwenye wangu. Sikumwombea mabaya mengine. Nilimwombea hata apone, haraka haraka, kana kwamba dua ya pili inafuta ya kwanza. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa: yeye watoto wake ni wakubwa, mimi wangu bado nawalipia shule. Nilipoinuka nilijiona mchafu, nikaenda kumpelekea chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia nakonda, nijitunze. Nikarudi chumbani nikalia.

Safari ya kwenda kupiga picha iliahirishwa mara mbili, na mara zote mbili aliyeahirisha ni yeye. Mara wodi haina watu, mara mguu. Nilianza kuhisi kwamba ananisubirisha kwa huruma, kwamba ameshajua ni mimi na anataka nipate siku chache za amani. Basi wema wake wote nikawa nauogopa. Akinipokea mfuko, moyo unanilipuka. Akisema "Kaa upumzike," naona kaburi. Ningetoa chochote anitukane kidogo tu, nijue kwamba bado ni mzima.

Mwezi ulipotimia nilimvuta. Nilimkuta anatandika vitanda, nikamwambia mbele ya wauguzi wenzake kwamba kesho asipokuja nami nitamwita mdogo wake nimweleze kila kitu. Akavua glavu. Akasema, "Haya."

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa ya upande wa pili wa mji, na ya kimya kuliko yetu. Ukumbi wa chumba cha picha ulikuwa na benchi refu la chuma, feni iliyokuwa inazunguka bila kupeleka upepo kokote, na mlango mweupe. Wanawake wawili waliingia wakatoka. Nilikuwa nawasoma nyuso wakitoka nisipate kitu. Wifi alikuwa ameketi wima, mkoba magotini, kama anasubiri kuitwa kwenye usaili.

"Wataanza na nani?" nikamwuliza.

"Mimi."

"Kwa nini wewe? Tuanze na mimi, niondokane na hili jambo. Mwenzako silali. Nimechoka kujishika shika kama mtu aliyepoteza funguo."

Akafungua mkoba, akaufunga. Akaufungua tena.

"Wewe huna kitu," akasema.

"Unajuaje?"

"Huna kitu. Ni yangu ile."

Nikadhani ananifariji, nikaanza kumwambia aache. Akanishika mkono, akauchukua, akauingiza ndani ya gauni lake, upande wa kushoto, pembeni karibu na kwapa, pale kwenye watu waliokuwa wanapita na mafaili. Akaubana hapo. Kilikuwa kigumu. Kidogo, lakini kigumu, na hakikusogea. Mimi niliyekuwa nimejipapasa mwezi mzima nilielewa papo hapo kwamba vyote nilivyovikuta kwangu havikuwa kitu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kabla ya mvua."

Niliutoa mkono wangu. "Kabla ya mvua! Na wewe ndiye unayesimama juu ya wagonjwa kila siku kuwaambia mficha maradhi?"

"Mganga hajigangi," akasema, akitazama mlango. "Nilikuwa najua kila kitu nitakachoambiwa. Ndiyo maana sikwenda. Halafu ukanipigia simu siku ile, nikafikiri, ah, kifaa chenyewe cha majaribio, hakiandiki jina. Kikinyamaza, nitakiamini. Kikisema, nitasema hakijui."

"Na nilipokuja kule kwenye mashuka?"

"Nilijua ni yangu kabla hujamaliza kusema."

Hapo damu ilinipanda kichwani. Nilisimama. Nilitaka kumchapa kofi, na naapa mkono ulishaanza safari. Mwezi mzima! Nimejizika na kujifufua mwezi mzima, nimewaaga wanangu kimoyomoyo wakiwa wanafanya hesabu mezani, nimempangia mume wangu mke wa kumlea, na yeye alikuwa na neno moja tu la kunitoa humo, akalikalia.

"Kwa nini?" nikamwuliza. Nilipiga kelele, watu wakageuka. "Nimekukosea nini cha kunifanyia hivi?"

"Hujanikosea." Alikuwa bado hajanitazama. "Nilikutazama usoni pale, nikaona umeogopa. Umeogopa kama ninavyoogopa mimi. Tangu nilikute hili dude sijaona mtu mwingine mwenye uso ule. Nalala nalo, naamka nalo, naenda kazini nacheka na wagonjwa. Mume wangu angekuwepo ningemwamsha. Nikasema, nitamwambia kesho. Leo niache niwe na mwenzangu. Kesho nayo ikafika, nikasema hivyo hivyo."

Nilikuwa bado nimesimama mbele yake. Hasira ilikuwepo, yote, haikupungua hata tone. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, cha aibu, kinachotekenya: nilikuwa nafurahi. Sina. Mimi sina! Furaha hiyo ilinifanya nikae.

"Wifi," nikasema, "mimi nilikuwa namwomba Mungu iwe yako."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Kila nikianika nguo unanitazama titi kama dalali wa ng'ombe. Nitakosaje kujua?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu tutoke nyumbani. "Ningekuwa wewe, nami ningeomba hivyo hivyo. Tena kwa kufunga."

Nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilinitoka na machozi yakitangulia, naye akacheka, tukawa tunacheka kwenye lile benchi kama wendawazimu waliopewa ruhusa. Mlango mweupe ukafunguka katikati ya kicheko chetu. Daktari wa picha alikuwa kijana wa kike mwenye miwani, akatutazama, akaona wanawake wawili wa makamo wenye macho mekundu.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza.

Wifi alifuta uso kwa kiganja.

"Ni mimi," akasema. "Huyu ni wifi yangu. Ataingia na mimi."

Ndani kulikuwa na baridi na mwanga hafifu. Alilala kitandani, akaweka mkono juu ya kichwa kama alivyoambiwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo, mtu mwenye mbavu. Daktari akampaka ile dawa ya utelezi, akaanza kupitisha kifaa chake taratibu. Kioo kilikuwa kimegeuziwa upande wake. Alipita mahali, akaendelea, kisha akarudi pale pale. Akasimama. Akabonyeza kitu, akasogeza miwani, akarudi tena.

"Hiki kina muda gani, mama?"

"Miezi kadhaa," wifi akasema.

"Tutahitaji kuchukua kinyama kidogo tukapime. Ni kidogo bado. Nimefurahi umekuja." Akaendelea kupima, bila kusema zaidi.

Nilikuwa nimesimama kichwani mwa kitanda. Hakukuwa na la kuniogopesha tena mwilini mwangu, nilikuwa nimeachiwa huru dakika chache zilizopita, na bado nilikuwa nanyoosha shingo nijaribu kukiona kile kioo. Wifi alinyoosha mkono wake wa pili nyuma bila kutazama, ukapapasa hewani mpaka nikaushika. Ulikuwa wa baridi kama wa mtoto aliyetoka kuoga.

"Wifi," aliita kwa sauti ya chini. "Bado unaogopa?"

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa sana."

"Vizuri," akasema, akafumba macho.